Jinsi ya kuilinda retinoli kwenye seramu na krimu, kuanzia kwenye dumu la mafuta

Bechi yangu ya kwanza ya krimu ya retinoli ilikuwa vikopo ishirini na vinne. Niliitengeneza mwezi wa Januari, hapa Dar es Salaam, kwa mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa bila moto, rangi yake dhahabu tupu. Nikatia vitamini E bila ubahili, nikajaza kwenye vikopo vya kioo angavu nilivyovifuata Kariakoo kwa sababu vilinivutia macho. Wiki ya tano mteja mmoja akanitumia picha na ujumbe: "Dada, hii yangu imegeuka kama chai ya maziwa, halafu inanuka karanga za zamani. Niendelee kupaka au?" Nikafungua kikopo nilichojiwekea kabatini. Kilikuwa vilevile.

Nilianza kwa kumlaumu muuzaji wa malighafi. Nikajua nimepigwa, nimeuziwa retinoli feki. Haikuwa feki. Niliiharibu mwenyewe, na sehemu kubwa ya uharibifu huo niliifanya kabla hata sijafungua chupa ya retinoli, siku ile niliposimama dukani kuchagua mafuta.

Mwongozo huu ni kwa wanaotengeneza kidogo kidogo, nusu kilo au kilo tano, kwenye chumba chenye meza, mizani na friji. Hesabu nimeziweka wazi ili uzirudie mwenyewe na kalamu.

Inavyoharibika

Retinoli ndiyo vitamini A yenyewe. Mkemia Paul Karrer alionyesha umbo lake mwaka 1931, na mwaka 1937 akapata Tuzo ya Nobel ya kemia, kazi hiyo ikiwa mojawapo ya sababu. Umbo hilo ndilo chanzo cha taabu yetu: ni mnyororo wa kaboni wenye viungo maradufu vitano vinavyopishana na viungo vya moja moja. Mpangilio huo ndio unaoipa rangi ya njano na uwezo wake kwenye ngozi, na hapohapo ndipo oksijeni inapopenda kung'ata.

Bibi anayekausha majani ya kunde kivulini badala ya juani analijua jambo hili bila kulipa jina. Mawese nayo yanalionyesha vizuri. Wekundu wake ni karotini, ambayo ina mnyororo wa aina hiyohiyo, mrefu zaidi. Iache chupa ya mawese dirishani na wekundu utafifia siku hadi siku. Retinoli inapita njia hiyo, ila yenyewe haikupi onyo zuri kama mawese.

Wanaoishambulia ni oksijeni, mwanga, joto na asidi. Oksijeni huanzisha moto wa polepole: molekuli moja ikishaharibika huharibu jirani yake, jirani naye anaendeleza. Mwanga unaoiumiza zaidi ni ule wa nanomita 325 hivi na kuzunguka hapo, yaani miale ya UVA, ambayo kwa kiasi kikubwa hupenya hata kioo cha dirisha. Joto huharakisha yote hayo. Kwa makadirio ya mkono, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huzidisha kasi karibu mara mbili, kwa hiyo bidhaa inayodumu miezi 12 kwenye nyuzi 25 usiitegemee zaidi ya miezi 6 kwenye nyuzi 35. Asidi kali huinyang'anya molekuli ya maji na kuigeuza kitu kingine kisichofanya kazi ileile. Chembe za chuma na shaba, hata zile zisizoonekana kwa macho, huchochea ule moto wa oksijeni.

Hatua ya 1: Chagua aina ya vitamini A, kisha piga hesabu yake vizuri

Retinili palmitati ni retinoli iliyofungwa kwa asidi ya mafuta. Inavumilia oksijeni kuliko retinoli, ni ya bei nafuu, na ngozi lazima ianze kwa kuifungua ndipo ianze kazi, hivyo nguvu yake ni ndogo. Ndiyo hii wanayoongeza viwandani kwenye mafuta ya kula. Mwanga inauogopa kama wenzake. Retinaldehaidi ina nguvu zaidi ya retinoli na ni dhaifu zaidi kutunza. Mwanzoni achana nayo. Asidi ya retinoiki, wengi wanaijua kwa jina la tretinoini, ni dawa. Marekani iliidhinishwa kwa chunusi mwaka 1971, na katika vipodozi vya Umoja wa Ulaya imepigwa marufuku. Usiiweke kwenye krimu unayouza, hata mteja akikubembeleza vipi.

Mimi natumia retinoli. Ikiwa safi ni fuwele, lakini kwa wadogo kama sisi huja imeshayeyushwa: 10% ndani ya mafuta, au karibu 50% ndani ya polisobeti 20 (kiunganishi cha mafuta na maji), na mara nyingi kiwandani wameshaitilia BHT, kizuia-oksidi cha kutengenezwa. Hapo ndipo watu wanapojikwaa. Ukitia gramu 1 ya ile ya 10% kwenye gramu 100 za seramu, umetia 0.1% ya retinoli. Hujatia 1%. Lebo nyingi mtaani zinazotangaza "retinoli 1%" ni hesabu hiyo iliyokosewa, kwa bahati mbaya au kwa makusudi.

Palmitati huuzwa kwa IU, kipimo cha kimataifa cha nguvu ya vitamini. IU moja ni sawa na mikrogramu 0.3 za retinoli. Kwa hiyo gramu moja ya palmitati ya IU milioni 1.7 ina nguvu ya retinoli gramu 0.51. Ukitaka usawa wa retinoli 0.2%, unahitaji gramu 0.39 tu katika kila gramu 100.

Usilenge juu sana. Kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2024/996, retinoli na esta zake mbili zinazotumika sana (yaani retinoli iliyofungwa kwa asidi, palmitati ikiwemo) zina ukomo wa 0.3% kwa bidhaa za uso na 0.05% kwa losheni za mwili, zikihesabiwa kwa usawa wa retinoli. Bidhaa mpya zilibanwa kuanzia Novemba 2025. Hata kama huuzi Ulaya, ni kipimo cha busara. Katika mwongozo huu tunalenga 0.2%.

Hatua ya 2: Mafuta

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, maana hapa ndipo nilipoanguka.

Mafuta yoyote yaliyokwisha kuanza kuchacha yana peroksidi ndani yake, zao la kwanza la mafuta kuungana na oksijeni. Huzioni, na mwanzoni huzinusi. Maabara huzipima kwa namba inayoitwa thamani ya peroksidi, na viwango vya kimataifa vya mafuta ya kula yaliyosafishwa vinaruhusu mpaka 10. Kwa chapati, 10 ni sawa kabisa. Sasa tazama maana yake kwa retinoli. Thamani mbili ni milimoli moja (milimoli ni kipimo cha idadi ya molekuli), kwa hiyo mafuta yenye thamani ya 10 yana milimoli 5 za peroksidi katika kila kilo. Seramu yenye retinoli 0.2% ina gramu 2 za retinoli kwa kilo, ambazo ni milimoli 7. Yaani unachukua retinoli saba na kuzifungia chumba kimoja na majambazi watano, halafu unashangaa wiki ya tano.

Alizeti ya kawaida, hii inayotoka Singida na Dodoma, ina asidi ya linoleiki kwa wingi, na hiyo huoksidika mara kumi na zaidi ya asidi ya oleiki. Ni mafuta mazuri kwa ngozi na kwa mboga. Kwa kubeba retinoli hayafai, hasa yale yaliyokamuliwa bila kusafishwa na kukaa dukani kwenye chupa angavu. Mafuta ya mbegu za zabibu na ya waridi pori yamo kwenye kundi hilohilo, tena la waridi pori ni bovu zaidi, ijapokuwa kila anayeuza "seramu ya asili ya retinoli" anapenda kuyataja.

Unachotaka ni mafuta yasiyo na mahali pa oksijeni kushika. Mawili yanatosha.

La kwanza ni mafuta ya nazi yaliyotenganishwa, kwa jina la dukani MCT. Hutengenezwa kutokana na asidi fupi za mafuta ya nazi au ya mise, yameshiba, hayagandi, hayana harufu, ni mepesi. Nazi yenyewe ya Tanga au Mafia imeshiba pia na inavumilia oksijeni, ila inaganda chini ya nyuzi 24 hivi, na kwa wengi inaziba vinyweleo vya uso. La pili ni skwalani. Hapa soma jina herufi kwa herufi: kwenye lebo linatakiwa kuishia na "ane". Linaloishia na "ene" ni ndugu yake asiyeshiba, na huyo huoksidika upesi.

Unapopokea dumu, mwombe muuzaji cheti cha uchambuzi cha bechi hiyo, utafute thamani ya peroksidi. Mimi sinunui ikizidi 1. Akisema hana cheti, chukua chupa ndogo kwanza, ukapime kwa vijiti vya kupimia peroksidi za mafuta au upeleke maabara. Dumu likishafunguliwa, ligawe kwenye chupa ndogo zilizojazwa mpaka shingoni, uziweke kabatini. Dumu la lita tano lililobaki na lita moja ni lita nne za hewa zinazoyafanyia kazi mafuta yako usiku na mchana.

Na harufu? Mafuta ya ndimu na ya machungwa yana limonini, ambayo ikikutana na hewa hutengeneza peroksidi zake yenyewe. Karafuu ingekuwa kichekesho kizuri cha Kizanzibari hapa, kwa sababu eujenoli yake inazuia oksidi kwelikweli, lakini inawasha ngozi za watu, na retinoli nayo inawasha. Acha bila harufu.

Hatua ya 3: Jiulize kama unahitaji maji

Kama ni mara yako ya kwanza, jibu ni hapana. Seramu ya mafuta matupu haina pH ya kuhangaika nayo, haina madini ya maji, haihitaji kihifadhi cha vijidudu iwapo maji hayaingii, na huipiki. Fomula ninayoitumia, kwa gramu 500:

MCT gramu 287
Skwalani gramu 200
Tokoferoli (vitamini E) gramu 2.5
BHT gramu 0.5
Retinoli ya 10% ndani ya mafuta gramu 10

Jumla 500 kamili, na retinoli yenyewe ni gramu 1, yaani 0.2%. Ukitaka mwishoni mwa maisha ya bidhaa bado iwe na 0.2%, tia gramu 11.5 badala ya 10 na upunguze MCT kwa gramu 1.5. Nyongeza hiyo ni ya kufidia kitakachopotea rafuni. Isikushawishi kutangaza 0.23%.

Hatua ya 4: Walinzi, na mipaka yao

Watu wa bidhaa za asili wananichukia kwa BHT. Sijali. Inafanya kazi kwa kiasi kidogo, 0.1%, wakati wataalamu wa usalama wa vipodozi wa Ulaya wanaikubali mpaka 0.8% kwenye bidhaa za kupaka na kuacha. Tokoferoli peke yake inasaidia, lakini ikizidi inaweza kugeuka na kuuchochea moto uleule unaotaka kuuzima, 0.5% inatosha. Mimi nazitumia mbili pamoja.

Jambo ambalo sikulijua wakati wa vikopo vile ishirini na vinne: walinzi hawafufui. Vitamini E huzuia peroksidi mpya zisizaliane ovyo, lakini haiyarudishi mafuta yaliyokwisha kuchacha kuwa mapya. Nilitia walinzi wengi kwenye nyumba ambayo wezi walikuwa wameshalala ndani.

Kwenye bidhaa yenye maji, ongeza EDTA ya sodiamu 0.1% kwenye upande wa maji. Yenyewe hushika chembe za chuma na shaba na kuzifunga. Kwenye mafuta matupu haiyeyuki, kwa hiyo usijisumbue; huko unajikinga kwa vyombo. Tumia kioo au chuma cha pua kisicho na mikwaruzo. Sufuria ya shaba, mwiko uliokwanguka, ndoo yenye kutu kwenye mshikio, vyote vikae nje ya chumba.

Hatua ya 5: Siku ya kutengeneza

Fanya asubuhi na mapema kabla chumba hakijapata moto. Funga mapazia. Washa taa ya njano, ile ya LED ya manjano kabisa kama za sherehe, kwa sababu haina miale mifupi inayoiumiza retinoli. Ukiikosa, fanya haraka kwenye chumba chenye mwanga hafifu na ufunike chombo kwa karatasi ya aluminiamu. Chupa ya retinoli itoe friji saa moja kabla, ikiwa bado imefungwa, ipate joto la chumba. Ukiifungua ingali baridi, unyevu wa Dar utaingia wote ndani.

Pasha gramu 50 za MCT mpaka nyuzi 60, yeyusha BHT humo, ukoroge mpaka chenga zote zipotee. Acha ipoe mpaka chini ya nyuzi 30. Ndipo uchanganye na MCT iliyobaki, skwalani na tokoferoli. Mpaka hapo hakuna retinoli ndani, kwa hiyo huna haraka.

Sasa fukuza oksijeni. Mafuta huyeyusha oksijeni nyingi kuliko maji, na ile iliyoyeyuka humo haitoki kwa kufunga kifuniko. Wenye uwezo hupuliza naitrojeni. Huku kwetu iliyo rahisi kupatikana ni argoni, mtungi uleule wanaotumia mafundi wa kulehemu aluminiamu na chuma cha pua. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hulala juu ya mafuta kama blanketi. Mwambie muuzaji unataka safi ya asilimia 99.99 na uone karatasi yake. Nunua mpira mpya, maana mpira wa karakana una grisi. Pitisha viputo taratibu ndani ya mafuta kwa dakika kumi na tano. Madirisha ya chumba yawe wazi nyuma ya mapazia, kwa sababu gesi hii haina harufu na katika chumba kidogo kilichofungwa inaweza kumnyima mtu pumzi bila yeye kujua.

Huna mtungi? Endelea bila mtungi, ila koroga polepole na usitumie mashine ya kasi inayovuta hewa ndani. Seramu yako itaishi muda mfupi zaidi, nawe utaiandikia tarehe fupi zaidi.

Mwisho kabisa mimina retinoli, huku mpira wa gesi ukiwa juu ya chombo. Vaa glavu; gramu 10 za konsentreti ni vitamini A nyingi, na mjamzito asiishike kabisa. Koroga dakika tano, kisha jaza chupa papo hapo. Usiseme utajaza kesho.

Hatua ya 6: Chupa

Chupa ya mililita 30 ina kama gramu 27 za seramu, na ndani yake miligramu 54 za retinoli, sawa na milimoli 0.19. Mteja akiifikisha nusu, juu yake kuna mililita 15 za hewa. Moja ya tano ya hewa hiyo ni oksijeni, mililita 3 na ushee, sawa na milimoli 0.13. Ikiwa kila molekuli ya oksijeni ingempata mtu wake, hewa hiyo peke yake ingetosha kumaliza theluthi mbili ya retinoli iliyokuwemo chupani siku ya kwanza. Haitokei yote kwa mkupuo, bila shaka, na walinzi wako wapo. Lakini kila anapofungua anaingiza hewa mpya.

Ndiyo maana dropa, ile ya mpira wa kubonyeza, siipendi. Inavuta hewa, inairudisha ndani, na inaipuliza katikati ya mafuta. Bora ni chupa ya pampu isiyoingiza hewa, ile yenye sahani inayopanda kutoka chini kadiri bidhaa inavyotumika. Ujue tu kwamba nyingi ni za plastiki ya PP, na PP inapitisha oksijeni taratibu kupitia ukuta wake. Kioo na aluminiamu havipitishi. Tyubu ya aluminiamu iliyopakwa rangi ya kinga kwa ndani, kama za dawa ya macho na za gundi, ndiyo bingwa wa bei nafuu. Ukiiminya haijirudishi, kwa hiyo hewa hainyonywi.

Ikiwa lazima iwe kioo, chukua cha kahawia. Cha bluu kinapendeza kwenye picha lakini kinapitisha mwanga wa zambarau na sehemu ya miale usiyoitaka. Kiangavu usikiguse. Na chukua cha mililita 15 badala ya 30, mteja akimalize ndani ya miezi miwili.

Ukitaka krimu

Krimu inawezekana, ila milango ya kuharibikia inaongezeka. Maji yawe yaliyotoneshwa, kutoka duka la maabara au la dawa. Ya kisima yana chuma. Na tafadhali, yale "maji ya betri" ya kituo cha mafuta usiyaguse. Kuna ya kawaida na kuna ya asidi, na chupa zinafanana.

Kwa gramu 100: upande wa maji weka maji gramu 70, gliserini 4, zanthani (ya kuongeza uzito) 0.3, EDTA 0.1. Upande wa mafuta MCT 10, skwalani 5, kiunganishi (cha kushikanisha maji na mafuta) 5, alkoholi ya setili 2, tokoferoli 0.5, BHT 0.1. Vyote vipashwe mpaka nyuzi 75, viunganishwe, vipozwe. Ikishuka chini ya nyuzi 40 ndipo uingize retinoli ya 10% gramu 2 na kihifadhi cha fenoksiethanoli gramu 1. Kiunganishi chagua cha aina ya oliveti au gliserili stearati. Vile vyenye mnyororo wa PEG, polisobeti zikiwemo, hujitengenezea peroksidi vikikaa. Retinoli ya 50% ndani ya polisobeti inatumika, lakini iwe mpya.

Pima pH krimu ikishapoa na uiweke kati ya 5.5 na 6. Hapo ndipo ndoto ya "krimu moja yenye kila kitu" inapokufa. Vitamini C ya kawaida inataka pH chini ya 3.5, asidi za matunda nazo zinataka chini, na huko retinoli haikai. Benzoili peroksidi ya chunusi ni peroksidi kwa jina na kwa vitendo. Ikikaa kopo moja na retinoli unajua nani atakayebaki. Bidhaa hizo mteja azipake asubuhi, retinoli usiku.

Retinoli iliyofungwa kwenye vidonge vidogo vya mafuta au saiklodekstrini inasaidia kweli, kwa bei yake. Itie mwisho, kwa mkono. Mashine ya kasi huvipasua vidonge hivyo na kukurudisha ulikoanza.

Hatua ya 7: Ijaribu kabla hujaiuza

Chukua chupa kumi na mbili za bechi ya majaribio, zilezile utakazouzia. Tatu friji, tatu kabati la chumbani, tatu kwenye nyuzi 40 gizani, tatu dirishani. Ya nyuzi 40 unaweza kuipata kwa mashine ya kutotoleshea vifaranga iliyopandishwa joto kidogo; yangu niliinunua kwa mfugaji aliyeacha kuku, na inashika nyuzi zake vizuri kuliko nilivyotarajia. Tazama wiki ya 2, ya 4, ya 8 na ya 12.

Rangi na harufu ni mashahidi wa kuanzia tu. Kahawia na harufu ya kuchacha ni hukumu, hapo huna cha kubishana. Lakini njano iliyobaki njano haithibitishi kitu, na njano iliyofifia inaweza kuwa retinoli imekwenda kimyakimya. Kujua kiasi kilichobaki unahitaji maabara yenye HPLC, mashine inayotenganisha viambato na kukipima kila kimoja, wakipima kwenye nanomita 325. Kipimo cha mwanga peke yake, bila kutenganisha, kinaweza kuhesabu mabaki kama retinoli nzima. Ni gharama, kwa hiyo peleka sampuli mbili tu: ya siku ya kwanza na ya wiki ya 12 kwenye nyuzi 40. Ikibaki 90% nafurahi. Ikiwa chini ya 80% narudi kwenye hatua ya 2, si kwenye hatua ya 4.

Zile za dirishani hazina kazi ya kisayansi sana. Nazitunza kwa ajili ya wenye maduka wanaotaka kuipanga bidhaa kwenye kabati la kioo lenye taa. Ninawaonyesha tu.

Hatua ya 8: Lebo na safari

Andika kiasi cha retinoli, namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa, "tumia ndani ya miezi 3 baada ya kufungua", na "weka mahali pa baridi na giza". Andika kwamba ipakwe usiku, mara mbili kwa wiki kwa kuanzia, na asubuhi mtu apake kinga ya jua. Andika kwa herufi zinazosomeka kwamba mjamzito, anayetafuta ujauzito na anayenyonyesha wasiitumie. Tanzania vipodozi viko chini ya TBS tangu 2019, Kenya viko chini ya KEBS. Nenda ukiwa na fomula na matokeo yako ya majaribio mkononi.

Usafirishaji unaharibu zaidi ya watu wanavyofikiri. Boksi la bodaboda saa saba mchana, au dashibodi ya daladala kwenda Morogoro, linapita nyuzi 50 bila shida. Mimi natuma alfajiri au jioni, kwenye boksi la povu lenye chupa ya maji ya barafu iliyofungwa gazeti. Mwenye duka namwambia, "Kaka, hii iweke chini ya kaunta, si juu," na kwenye mzigo nabandika hivyohivyo, maana kaka mwenyewe mara nyingi hayupo, yupo kijana wake.

Kila bechi nabakiza chupa mbili kabatini zenye namba yake. Mteja akilalamika nafungua ya kwanza. Ikiwa nzima, nauliza alikuwa anaiweka wapi. Mara tatu mwaka huu jibu limekuwa bafuni, dirishani.